Jack Johnson na Konde Lililoitikisa Marekani

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo husikika sana viwanjani, na kwa kawaida huelekezwa kwa mchezaji aliyeshindwa. Lakini katika historia ya ndondi liko pambano moja ambalo mchezaji aliyeshindwa alikubali yaishe, na waliokataa ni watu ambao hawakurusha hata konde moja. Pambano hilo lilifanyika tarehe 4 Julai, 1910, katika mji mdogo wa Reno, jimbo la Nevada, huko Marekani. Waliokutana ulingoni walikuwa Jack Johnson, Mtu Mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, na James Jeffries, Mzungu aliyepata kuushika ubingwa huo zamani.

MTOTO WA WALIOKUWA WATUMWA

Johnson alizaliwa mwaka 1878 katika mji wa bandari wa Galveston, Texas. Baba yake na mama yake walikuwa wamezaliwa utumwani. Shule aliiacha mapema, akaingia katika vibarua vya namna kwa namna, na hatimaye akaiona riziki yake katika ngumi.

Siku zile Mweusi aliweza kupigana na Mzungu katika mapambano madogo madogo, lakini taji la uzito wa juu lilikuwa limezungushiwa ua. Bingwa John L. Sullivan alikataa katakata kulipigania na Mtu Mweusi. Jeffries naye, aliyetwaa ubingwa mwaka 1899, alishika njia hiyo hiyo hadi alipostaafu mwaka 1905 bila kushindwa, akaenda zake California kulima.

Johnson hakukata tamaa. Alimwandama bingwa aliyefuata baadaye, Tommy Burns wa Kanada, nchi hadi nchi, mpaka Burns akakubali kwa ahadi ya dola 30,000. Walikutana Sydney, Australia, tarehe 26 Desemba, 1908. Burns alipigwa vibaya hata katika raundi ya 14 polisi wakaingilia kati. Kwa mara ya kwanza Mtu Mweusi akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Habari hizo ziliwachoma wengi. Mwandishi mashuhuri Jack London, aliyekuwako Sydney kwa niaba ya gazeti moja la New York, alimtaka Jeffries atoke shambani kwake aje alifute tabasamu la Johnson. Tangu hapo hamu ya kupata Mzungu wa kulirudisha taji ikaenea nchi nzima.

JUA KALI LA RENO

Jeffries alikuwa na miaka 35 na mwili ulikuwa umemnenepa kupita kiasi. Alilazimika kupunguza zaidi ya kilo 30 kabla ya kuwa tayari kwa ulingo. Mwenye kuandaa pambano, Tex Rickard, aliahidi dola 101,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na mwenyewe ndiye akawa mwamuzi. Mahali palipochaguliwa kwanza palikuwa San Francisco, lakini gavana wa California akapiga marufuku. Ndipo uwanja wa mbao ukajengwa haraka haraka huko Reno, na maelfu ya watu wakamiminika kwa treni.

Pambano lilipangiwa raundi 45. Katika kona ya Jeffries alikuwako bingwa wa zamani, James Corbett, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumtukana Johnson ili apandwe na hasira. Johnson hakupandwa na hasira. Alicheka, akamjibu Corbett kwa maneno ya mzaha, na huku akiendelea na kazi yake. Kila Jeffries alipojaribu kumkaribia na kumkumbatia ili amchoshe kwa uzito wake, Johnson aliishika mikono yake, kisha akampandishia konde la chini ya kidevu. Raundi zilivyosonga, uso wa Jeffries ukavimba na jicho likaanza kufumba.

Katika raundi ya 15 Jeffries alianguka. Hajapata kuangushwa hata siku moja tangu aanze ndondi. Aliinuka, akaangushwa tena, na alipoanguka mara ya tatu wasaidizi wake wakaingia ulingoni ili asihesabiwe hadi mwisho. Rickard akamtangaza Johnson mshindi.

WALIOKATAA KUSHINDWA

Matokeo yalisafiri kwa simu za maandishi. Huko Chicago, ambako mama yake Johnson alikuwa akisubiri, Watu Weusi walishangilia barabarani. Lakini kabla ya usiku kwisha, furaha hiyo ilikuwa imegeuka kilio katika miji mingi. Makundi ya Wazungu wenye hasira yaliwashambulia Weusi waliokuwa wakienda zao, wengine wakiwa hawajui lolote la ndondi. Watu wapatao 20 walipoteza maisha, wengi wao Weusi, na mamia wakajeruhiwa.

Siku hizo mtoto mmoja wa New Orleans, ambaye hakuwa ametimiza miaka 9, alikuwa akienda kuchukua magazeti ya kuuza. Aliwaona watoto Weusi wenzake wakija mbio, wakimhimiza naye akimbie kwa sababu Johnson ameshinda. Mtoto huyo aliitwa Louis Armstrong, na baadaye dunia nzima ilimjua kwa tarumbeta yake.

Jeffries mwenyewe alikiri kwamba hata katika enzi ya nguvu zake asingemweza Johnson. Wakubwa wa nchi hawakuwa na moyo huo. Miji mingi ilipiga marufuku filamu ya pambano hilo, na mwaka 1912 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia filamu za ndondi kupelekwa kutoka jimbo moja hadi jingine. Mwaka 1913 Johnson alitiwa hatiani na baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa Wazungu, kwa kusafiri na mwanamke Mzungu. Akakimbilia ng'ambo. Mwaka 1915 akapoteza taji kwa Jess Willard mjini Havana, na mwaka 1920 akarudi kutumikia kifungo chake.

Alifariki mwaka 1946 kwa ajali ya gari, baada ya kutoka kwa hasira katika hoteli ya chakula iliyokataa kumhudumia kama wateja wengine. Msamaha wa Rais wa Marekani ulitolewa mwaka 2018, miaka 72 baada ya kifo chake.

Ndugu msomaji, Jeffries alianguka mara tatu na akarudi nyumbani kwake salama. Wako baba na mama ambao siku ile hawakukanyaga Reno, wala hawakumgusa mtu, na nyumbani hawakurudi.