Traksuti ya mitumba ya kike: soma lebo kabla hujaiuza kwa bei ya kutupa



Leo tuongee kitu tunachovaa kila siku lakini hatukisomi: lebo ya nguo. Hasa lebo za nguo za michezo za kina dada, yaani traksuti, bukta, sketi za netiboli na zile suruali za kubana za mazoezi. Naandika kwa sababu vijana wengi wa huku kwetu, kuanzia Kibiti, Ikwiriri mpaka Nyamwage, wanauza mitumba, na hela inawaponyoka hapo hapo kwenye lebo.

Inawaponyokaje? Belo likifunguliwa Dar, wajanja wanachagua kwanza. Zinazobaki zinapanda basi, zinashuka na Barabara ya Kilwa, zinavuka Daraja la Mkapa na kumwagwa mezani Nyamwage, pale njia panda ya Utete. Sasa kuna wajanja wengine wanazifuata huku huku. Mtu ananunua traksuti kuukuu kwa buku mbili, anaifua, anaipiga picha, anaiweka mtandaoni kama nguo ya enzi, vinteji, na anaiuza kwa bei ambayo mwenye meza hawezi kuiota. Huyo hana uchawi wowote. Kasoma lebo tu.

Kanuni ni moja, ishike vizuri. Alama moja peke yake haikutajii mwaka. Inakwambia ama "nguo hii si ya kabla ya mwaka fulani" ama "si ya baada ya mwaka fulani". Ukizipata zote mbili umeibana nguo katikati, kama samaki ndani ya wando.

Chukua mfano huu. Kwenye meza ya mama mmoja pale Nyamwage nilikuta traksuti kamili, koti na suruali, bluu nzito yenye mistari mitatu myeupe. Suruali ina kamba ya kukanyagia chini ya unyayo. Mama akaniambia, "Mwanangu, hiyo ya zamani, haina soko. Nipe buku mbili uondoke nayo." Nikamjibu, "Mama, subiri kwanza tuisome."

Kifuani kuna lile jani la Adidas lenye sehemu tatu. Kampuni hii ilianzishwa na Adi Dassler Ujerumani mwaka 1949, na traksuti yake ya kwanza ilitoka 1967 kwa jina la mwanasoka Franz Beckenbauer. Lakini hilo jani lilianza kutumika 1972. Kwa hiyo traksuti ya mama si ya kabla ya 1972.

Ndani ya shingo pameandikwa "Made in W. Germany". Ujerumani Magharibi iliacha kuwa nchi ya peke yake tarehe 3 Oktoba 1990, zilipoungana Ujerumani mbili. Kiwanda kinaweza kumalizia lebo zilizobaki, basi ongeza mwaka mmoja hivi. Jibu: ni ya kati ya 1972 na 1990 au 1991. Nguo ambayo mama aliiona takataka ina miaka zaidi ya 30, na bado ina pea yake!

Tumejuaje ni ya kike? Rangi haisaidii. Angalia kiuno kama kimebanwa, na kifuani kama kuna mikunjo iliyoshonwa ili nguo ifuate umbo. Angalia saizi pia: kwa Wajerumani, 36, 38, 40 na 42 ni saizi za kike, wakati koti la mwanaume mara nyingi huanzia 44 au 46. Kama nguo ina vifungo, vya kike kwa kawaida hushonwa upande wa kushoto wa mvaaji. Ukiona dalili mbili tatu zinakubaliana, amini.

Nchi nyingine zilizokufa nazo zinasaidia. "Made in USSR" ni ya mpaka Desemba 1991. "Made in Czechoslovakia" ni ya mpaka mwisho wa 1992, maana nchi hiyo iligawanyika tarehe 1 Januari 1993. "Made in Yugoslavia" nayo ipo sana kwenye traksuti, ila nenda nayo taratibu: nchi ilianza kuvunjika 1991, lakini Serbia na Montenegro waliendelea kutumia jina hilo mpaka 2003.

Haya, tuje Marekani, maana mabelo mengi yanatoka huko.

Tafuta lebo ndogo ya chama cha wafanyakazi wa nguo za kike, yenye herufi ILGWU. Ikiwa na rangi nyekundu, nyeupe na bluu, ni ya kati ya 1974 na 1995. Hiyo peke yake inakupa mwanzo na mwisho.

Angalia maelekezo ya kufulia. Marekani ililazimisha lebo hizo mwaka 1972, na mpaka 1997 zilitakiwa kuwa na maneno. Nguo iliyoshonwa kwa soko la kule yenye vipicha vitupu vya beseni na pasi, bila maneno, ni ya 1997 kuja huku.

Ukiona herufi RN na namba, hiyo ni namba ya usajili wa kampuni, si mwaka wa nguo. Ukiwa kafe ingia kwenye tovuti ya FTC, tume ya biashara ya Marekani, uitafute hiyo namba. Utapata jina la kampuni hata kama jina kwenye nguo limefutika.

Nike nao: jina na ile alama ya mkwaju vilianza 1971. Alama ilichorwa na mwanafunzi wa kike, Carolyn Davidson, akalipwa dola 35. Kwenye nguo zao za karibuni mara nyingi utakuta kialama kama FA 03 au SP 05 ndani: herufi ni msimu, namba ni mwaka.

Aina ya nguo nayo inasema. Wanawake walikuwa wanashinda kabla makampuni hayajawashonea vya kutosha. Theresia Dismas wetu alileta medali ya fedha ya mkuki kutoka Michezo ya Afrika, Brazzaville, mwaka 1965. Lakini sidiria ya kwanza ya kukimbilia ilitengenezwa 1977 huko Marekani, na Olimpiki ilikuwa haina marathoni ya wanawake mpaka 1984. Video ya mazoezi ya Jane Fonda ilitoka 1982, na nguo za kubana za rangi kali zikaenea kila kona. Ndiyo maana vya miaka ya 1980 ni vingi kuliko vya miaka ya 1960. Ukikuta cha 1960, usikiachie haraka.

Tahadhari sasa. Lile jani la Adidas lilirudi tena miaka ya 2000 kwenye matoleo yanayoiga ya zamani, kwa hiyo jani peke yake si ushahidi. Na wapo wanaochapisha lebo feki. Kipimo changu ni kuuliza kama maandishi yote yanaweza kuishi mwaka mmoja. Lebo yenye "W. Germany" na hapo hapo anwani ya tovuti ni uongo mtupu: Ujerumani Magharibi iliisha 1990, wakati wavuti ilifunguliwa kwa umma 1991.

Na jamani, acheni kukata lebo! Najua inawasha shingoni, najua fundi akipunguza nguo huitupa. Ikishatupwa, traksuti ya 1980 na ya juzi zinauzwa bei moja.

Yule mama baada ya kusomewa aliikunja traksuti yake akaiweka chini ya meza. "Akija yule kijana wa Dar," alisema, "leo tutaongea vizuri." Na mimi sikuipata kwa buku mbili, sawa tu. Wewe mwenye mama, shangazi au dada mwenye meza ya mitumba, ukitoka kafe mpitie, mkae mzisome lebo pamoja kabla wateja hawajaja.

Mwenye lebo iliyomshinda aielezee hapo chini: maandishi yote, saizi na kitambaa. Tutasaidiana. Naomba kuwasilisha.