Voi: Njia panda inayowageuza wageni kuwa wenzi wa safari

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Mombasa aghalabu huiona Voi kupitia dirishani tu. Huteremka kwa dakika chache kunywa chai na kunyoosha miguu, kisha gari likang'oa nanga kuelekea Pwani.

Hata hivyo, kwa yule aliyebeba shanta mgongoni na pesa za kuhesabu mfukoni, mji huu ni lango la milima, misitu na maziwa ambayo Wakenya wengi huyasoma vitabuni pekee. Tatizo ni kwamba msafiri wa aina hiyo, akiwa peke yake, hawezi kufika mbali. Anahitaji wenzake, na Voi ni mahali pazuri pa kuwapata.

Usafiri wa shanta una historia ndefu. Mnamo 1909, mwalimu Mjerumani, Richard Schirrmann, alibuni wazo la mabweni ya bei nafuu kwa vijana waliotembea kwa miguu, na wazo hilo likaenea duniani. Katika visiwa vya Ugiriki kama vile Ios na Paros, vijana wasiojuana hukutana bwenini jioni, na kesho yake wakachangishana nauli na kuzuru ufuo pamoja.

Taita Taveta haina bahari, lakini ina visiwa vyake. Milima ya Dawida, Sagalla na Kasigau imechomoza ghafla katika nyika kavu, na misitu iliyo vileleni imetengwa na mingine kwa muda mrefu mno hata ikawa na viumbe wasiopatikana kwingineko duniani. Katika msitu wa Mbololo, kwa mfano, humea ua dogo la rangi ya zambarau la jamii ya saintpaulia ambalo asili yake ni milima hiyo pekee.

Wala kuungana na wageni ili kuivuka nyika hiyo si jambo la jana. Katika karne ya 19, misafara ya biashara iliyotoka Mombasa ililazimika kupita nyika ya Taru isiyo na maji kabla ya kufika Taita na Taveta. Mtu hakuthubutu kwenda peke yake. Mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliyefika Kasigau mnamo 1847, aliongozwa na Bwana Kheri, mjuzi wa njia za misafara. Ni pamoja naye ambapo Mei 11, 1848, Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake.

Leo kinachowaunganisha wasafiri ni gharama zaidi kuliko hofu ya kiu. Chukulia watu wanne waliofikia katika nyumba moja ya kulala wageni mjini Voi: mwalimu aliye likizoni, mwanafunzi wa chuo kikuu, na wauguzi wawili waliosafiri kwa treni. Kila mmoja angependa kuingia mbuga ya Tsavo Mashariki, ambayo lango lake halipo mbali na mji. Lakini bei ya kukodi gari ni ya gari, si ya abiria. Atakayelipa peke yake ataumia. Wakiwa wanne, kila mmoja atatoa robo. Ada ya kuingia mbugani ndiyo hulipwa na kila mtu, na mkazi wa Kenya hutozwa kidogo kuliko mgeni wa kutoka ng'ambo.

Ndani ya mbuga hairuhusiwi kutembea kwa miguu ovyo. Kwa hivyo, anayependa kutumia miguu yake huelekea milimani, na hapo Kasigau ndiyo safari inayostahili kupewa nafasi ya kwanza.

Njia ya kwenda huko huchepuka katika mji mdogo wa Maungu, kwenye barabara kuu ya Mombasa, na kupita katikati ya mashamba makubwa ya mifugo hadi Rukanga. Magari ya umma ni machache, na atakayechelewa asubuhi huenda akalazimika kulala alipo. Mlima umezungukwa na vijiji vitano: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe. Katika baadhi ya vijiji hivyo, wenyeji walijenga nyumba ndogo za kupokea wageni, na ni busara kupiga simu kabla ya kwenda.

Kilele kina urefu wa zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ilhali nyika iliyo chini ina mita 600 hivi. Mpandaji huanza katika vichaka vya miiba na joto kali. Baada ya saa kadhaa hujikuta ndani ya msitu wenye ukungu, ambapo miti imevikwa kuvu na umande hudondoka hata wakati wa kiangazi. Ukungu huo huletwa na pepo zinazovuma kutoka Bahari Hindi, na ndio unaozilisha chemchemi ambazo vijiji vya chini huzitegemea kwa maji. Anayeelewa hilo hatakata tawi wala kuacha taka juu huko.

Mwenyeji anayewaongoza wageni pia hubeba historia ambayo ramani haina. Mnamo 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliwashambulia Waingereza na kuiteka Kasigau. Waingereza waliwashuku wakazi kwamba walimsaidia adui, wakavichoma vijiji vyao na kuwahamishia Malindi kwa nguvu. Wengi walifia huko. Walionusurika hawakuruhusiwa kurudi katika ardhi yao hadi miaka ya 1930. Mgeni anayekalishwa kitini na mzee wa Rukanga na kupewa maji ya kunywa anafaa kujua kwamba ukoo huo uliwahi kunyang'anywa mlima wote.

Wasiokuwa na siku nyingi wanaweza kupanda matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate. Barabara hupinda na kupanda hadi baridi ikaingia garini, na sweta huwa si anasa. Huko kuna vipande vya msitu wa asili kama Ngangao, kilele cha Vuria chenye zaidi ya mita 2,200, na kimanga, chakula cha Wataita cha muhogo au ndizi zilizopondwa pamoja na maharagwe. Kuna pia mapango ambamo mafuvu ya wazee wa kale yalihifadhiwa kwa heshima. Hayo ni makaburi, si maonyesho. Haifai kuyafikia bila ruhusa ya wenyeji, wala kuyagusa, wala kuyapiga picha kwa mzaha.

Urafiki wa safarini una hatari yake pia. Watu waliojuana jana huoneana haya, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema kuwa anaogopa. Mnamo 2002, mtalii kijana kutoka Uingereza aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea katika ziwa Chala, karibu na Taveta. Maji ya ziwa hilo lililo ndani ya shimo la volkeno ni maangavu na yenye kuvutia, lakini uzuri si ithibati ya usalama. Vivyo hivyo, ndovu hutoka mbugani na kuzurura katika nyika iliyo kati ya Voi, Maungu na Kasigau. Kutembea huko magharibi au usiku, hata mkiwa kumi, ni kuchezea maisha.

Kwa sababu hiyo, kikundi kinapaswa kukubaliana mambo machache kabla ya kuondoka. Fedha za pamoja zishikwe na mmoja na matumizi yaandikwe. Anayetembea polepole ndiye apimiwe mwendo. Mwenye nyumba ya wageni aachiwe habari ya mnakokwenda na siku ya kurudi. Neno la mwongozi kuhusu maji, wanyama na mahali patakatifu lisipigiwe kura. Na mmoja akisema turudi, mrudi.

Swali la mwisho ni nani hufaidika. Mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta. Mkulima wa hapa huishi na hasara ya ndovu wanaovamia shamba lake, huku watalii wengi wakipita katika magari ya kampuni za mbali na kulala ndani ya mbuga. Mgeni wa shanta hana pesa nyingi, lakini alizo nazo humfikia mpishi wa Bungule, mwongozi wa Jora na dereva wa matatu ya Wundanyi bila kupitia mikono mingine.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wanne wanaoshuka Voi badala ya kupita hawataitajirisha kaunti nzima. Lakini kijiji kinachopata riziki kutokana na msitu wake kina sababu ya kuulinda, na pindi msitu huo ukitoweka, chemchemi zake zitaufuata.