Arki za Ladha Zenye Ukali Tofauti: Tahadhari kwa Wanaochanganya Nyumbani Kimiminika cha Sigara ya Kielektroniki

Kijikaratasi hiki kimekusudiwa watu wazima wanaoishi Uingereza ambao wameacha sigara za tumbaku, wakahamia sigara za kielektroniki, na sasa wanajichanganyia kimiminika chake nyumbani. Njia iliyo salama zaidi ni kununua kimiminika kilichokwisha tengenezwa kwa kufuata sheria. Hata hivyo, kwa mtu anayechanganya mwenyewe, ni muhimu kufahamu hatari inayojitokeza pale arki moja ya ladha inapobadilishwa kwa nyingine.

Kwa nini arki hazilingani?

Kimiminika hiki huwa na propilini glaikoli, glisarini ya mimea, arki ya ladha na, mara nyingi, nikotini. Arki hutengenezwa kwa ukali tofauti. Iko inayopaswa kuwa asilimia 15 au 20 ya mchanganyiko, na iko inayotosha kwa asilimia 2 au 3 tu. Kama vile kijiko cha pilipili mbuzi kisivyoweza kuchukua nafasi ya kijiko cha pilipili hoho, ndivyo arki mbili zenye jina moja la tunda zisivyoweza kubadilishana kwa kipimo kilekile.

Hesabu ya kubadilisha

Kiasi cha arki hupatikana kwa kuzidisha ujazo wa mchanganyiko wote kwa asilimia iliyoandikwa na mtengenezaji, kisha kugawanya kwa 100. Katika mililita 100, arki ya asilimia 15 ni mililita 15, na arki ya asilimia 3 ni mililita 3. Anayetia mililita 15 za arki hiyo ya pili huwa ametia mara tano ya kiasi kilichoelekezwa, na kemikali za ladha zinazoingia mapafuni huongezeka kwa kadiri hiyo.

Kosa la pili halionekani kwa urahisi. Arki ikipungua kutoka mililita 15 hadi 3, pengo la mililita 12 hujazwa kwa propilini glaikoli au glisarini. Pengo lisipojazwa, nikotini hukolea. Kwa mfano, chupa mbili za nikotini za mililita 10, zenye miligramu 18 kwa kila mililita, zina jumla ya miligramu 360. Katika mililita 100, hiyo ni miligramu 3.6 kwa mililita. Katika mililita 88 zilizobaki, ni takriban miligramu 4.1. Kwa hiyo hesabu yote ifanywe upya kila arki inapobadilishwa.

Arki isiyoonyesha asilimia ya matumizi isitumike. Asilimia hiyo yenyewe huelekeza ladha. Si uthibitisho kwamba arki ni salama kuvutwa.

Arki za jikoni zisitumike

Arki ya vanila au ya stroberi inayotiwa kwenye keki imekusudiwa kuliwa. Tumbo na mapafu havipokei vitu kwa namna moja. Arki yenye mafuta, pamoja na mafuta ya karafuu, mdalasini au mnanaa, isivutwe kamwe, kwani mafuta yakiingia mapafuni yanaweza kusababisha uvimbe mkali. Baadhi ya ladha za siagi zina diasetili, kemikali inayohusishwa na ugonjwa mbaya wa mapafu, na ambayo hairuhusiwi nchini Uingereza katika vimiminika vyenye nikotini.

Usalama wa nikotini

Kisheria, kimiminika chenye nikotini huuzwa katika chupa isiyozidi mililita 10, chenye nikotini isiyozidi miligramu 20 kwa mililita. Kikali zaidi ya hapo kisinunuliwe. Nikotini hupenya kwenye ngozi, hivyo anayechanganya avae glavu, na ikimwagikia ngozi ioshwe mara moja kwa maji mengi. Vyombo vya kupimia visirudishwe jikoni. Kila chupa iandikwe yaliyomo, kiasi cha nikotini na tarehe, kisha ifungiwe mbali na watoto, ambao huvutwa na harufu ya matunda na peremende.

Dalili za sumu ya nikotini ni kichefuchefu, kutapika, kutokwa jasho, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Mtoto akinywa kimiminika hiki, hata kidogo, msaada utafutwe bila kungoja dalili: simu 111, au 999 iwapo anapumua kwa shida, amepoteza fahamu au ana degedege. Anayepiga 111 anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Chupa ipelekwe hospitali pamoja na mgonjwa.

Iwapo kifua kitabadilika

Mtu anayepata kikohozi kipya, maumivu ya kifua au pumzi fupi baada ya kubadilisha arki aache kutumia mchanganyiko huo na amwone daktari, akimweleza wazi alichotia. Sigara ya kielektroniki ina madhara machache kuliko tumbaku, lakini haikosi madhara. Asiyevuta sigara asiianze, na ni kosa kumuuzia aliye chini ya miaka 18.