Bukavu: fungu la lengalenga linapungua, bei inabaki ileile

Katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, bei ya mboga si rahisi kuifuata. Mama muuzaji anajua kwamba mteja wake ameshika noti moja ya franka 500 na hana ya pili. Kwa hiyo hapandishi bei, anapunguza majani. Fungu lililotosha watu saba linafika nyumbani likitosha wanne, na anayepika ndiye wa kwanza kujua kwamba maisha yamepanda.

Si kwamba Bukavu iko mbali na mashamba. Kabare inaanza pale mji unapoishia, Walungu haiko mbali, na mitumbwi ya Idjwi inaleta mananasi na ndizi hadi ufukoni Muhanzi. Sombe, matembele, shu, karoti, avoka: vyote vinalimwa jirani. Bei inapandia njiani. Kuna nauli, kuna malipo ya mama mbeba mizigo anayepanda mlima na gunia lililofungwa kwa kamba kwenye paji la uso, kuna kodi ya meza sokoni, na kuna vizuizi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu vizuizi karibu 800 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Walionyesha kwamba kinachotozwa si madini tu, ni kila kinachopita, hata beseni la nyanya.

Tangu AFC/M23 ichukue mji mwezi wa Februari 2025, hesabu imekuwa ngumu zaidi. Benki zilifunga milango, makuta yakaadimika, na noti iliyochakaa ikaanza kukataliwa, hata kama ndiyo pekee mtu aliyo nayo. Bonde la Ruzizi, linalotoa nyanya, vitunguu na mchele, likakatwa na mstari wa vita. Zinabaki bidhaa zinazovuka kutoka Rwanda mikononi mwa wamama wenye jeto, lakini mpaka huo nao unaweza kufungwa, kama ilivyokuwa Machi 2020 wakati wa Covid.

Zamani maskini alikuwa na saa yake sokoni. Lengalenga hailali: ikifika jioni imeanza kunyauka, na muuzaji anaitoa kwa bei yoyote kuliko kuirudisha Kabare. Mama mwenye franka chache alisubiri saa hiyo. Leo usiku wa Bukavu unaogopewa, muuzaji na mnunuzi wote wanawahi nyumbani, na saa ya bei nafuu imefupika.

Kinachopotea hapo si ladha ya chakula tu. Bukari peke yake inashibisha, lakini mtoto anayeila siku baada ya siku, bila maharagi, samaki wala majani, anaweza kuvimba miguu na nywele zikabadilika rangi. Wazee wa Kivu Kusini wanauita ugonjwa huo bwaki. Watafiti wa Lwiro, huko Kabare, waliuchunguza tangu enzi za ukoloni, na mwaka 1965 lilizaliwa Bukavu shirika lililobeba jina lake, Comité Anti-Bwaki. Uchunguzi wa afya wa 2013-2014 ulikuta kwamba nchini Kongo zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kivu Kusini, pamoja na udongo wake wote mzuri, ilikuwa juu ya wastani huo.

Nchini Marekani, ambako familia nyingi za Kivu zimepelekwa kama wakimbizi, wenye kipato kidogo wanapewa na serikali kadi ya chakula iitwayo SNAP, na masoko mengi ya wakulima yanaipokea. Mjini Detroit, mwaka 2009, ilianzishwa programu ya Double Up Food Bucks: mama akitumia dola 10 za kadi yake sokoni, anaongezewa 10 nyingine za matunda na mboga. Mkulima hapotezi kitu. Ila lazima awepo mtu wa kulipa hizo dola za pili.

Kuponi si ngeni Kivu. Mashirika ya misaada yamezitumia kwa miaka mingi katika foire za waliokimbia vita. Lakini zilifuata dharura, na mkaaji maskini wa Kadutu ambaye hakukimbia popote mara nyingi hakuwa kwenye orodha. Halafu mwaka 2025 Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada nchini Kongo, ilifunga USAID. Ni mwaka huohuo wataalamu wa IPC walipohesabu zaidi ya Wakongomani milioni 27 wenye njaa kali.

Zinabaki njia ambazo wamama wanaweza kuziendesha wenyewe. Ya kwanza ni MUSO, vikundi vya mshikamano vilivyoenea Kivu Kusini, vyenye kasha la kijani la mikopo na kasha jekundu la kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Wanachama kumi wakikopa pamoja, wanaweza kununua shu kwa gunia katika soko la Mudaka, kwenye barabara ya Kavumu, wakalipa nauli moja na mbeba mizigo mmoja, wakagawana kabla mzigo haujapita kwa muuzaji wa pili na wa tatu. Ugumu ni kwamba mkopo wa kasha la kijani lazima urudi na faida, na mboga iliyoliwa haizai faida. Kikundi kinapaswa kukubaliana mapema ni sehemu gani ya gunia itauzwa.

Komini nazo zingeweza kuanza na kodi ya meza. Mama wa beseni moja anapodaiwa tikiti kabla hajauza fungu la kwanza, pesa hiyo anaitafuta kwa mnunuzi. Kuikusanya jioni, baada ya mauzo, hakuhitaji mfadhili.

Njia nyingine ni gunia lenyewe. Katika Kibera, jijini Nairobi, shirika la Solidarités International lilianza mwaka 2008 kufundisha familia kupanda mboga kwenye magunia ya udongo yaliyotobolewa pembeni. Kwenye miteremko ya Kadutu, ambako nyumba zimebanana na uwanja haupo, gunia linakaa mlangoni na kutoa majani wiki baada ya wiki. Shida ni bomba linalokauka. Maji yaliyooshea mboga na mchele yanafaa kumwagilia, mradi hayana sabuni.