Kesi Imeondolewa, Alama za Vidole Zimebaki

Mwaka 2021 Idara ya Upelelezi wa Jinai iliwaonya wanafunzi wanaochoma mabweni kwamba makosa yao yatawekwa katika kumbukumbu zake na kuonekana siku watakapoomba cheti cha tabia njema. Sawa, mwenye hatia na aonekane. Lakini je, yule ambaye kesi yake ilitupwa?

Wengi tunadhani hakimu akishasema "nenda zako," mambo yamekwisha. La, hasha! Mtu akishtakiwa, polisi humchukua alama za vidole, nazo hupelekwa Nairobi, makao makuu ya upelelezi, Barabara ya Kiambu. Kesi ikiisha, matokeo nayo yapaswa kufuata njia iyo hiyo. Yasipofika, jalada la kule hubaki wazi, na kwa karatasi wewe bado ni mshtakiwa.

Mjomba wangu ni dereva wa gari la muguka, hutoka nalo Embu alfajiri hadi Meru. Alishtakiwa kupokea mali ya wizi, kesi ikaja kuondolewa. Miaka mitatu baadaye akataka kuendesha matatu, na leseni yake haipatikani bila cheti hicho. Kumbe bado ana kesi! Tajiri akampa mwingine gari. "Mpwa wangu," akaniambia, "mimi nilitoka kortini, vidole vyangu vikabaki."

Sasa tuelewane hapa, maana ndipo watu wanapopotea. Kuna kuachiliwa na kuachiliwa. Kiongozi wa mashtaka akiiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilo hilo. Hiyo ndiyo iliyompata mjomba. Lakini hakimu akiona ushahidi hautoshi, kifungu cha 210 humwachilia huru kabisa. Kwa hivyo kabla ya kutoka kortini ukishangilia, uliza: ni kifungu gani? Karani hatakuuma!

Kisha nenda masijala ya korti ile ile, iwe Meru au Embu, na nambari ya kesi na mwaka wake. Omba nakala ya amri ya hakimu iliyogongwa muhuri. Nambari ikipotea utasumbuka kweli kweli, maana majalada ni mengi. Nakala hiyo ipeleke kwa upelelezi pamoja na barua ya kuomba kumbukumbu zisahihishwe. Usitoe ile ya pekee. Baki na yako.

Si kuomba hisani. Katiba ya 2010, ibara ya 35(2), yampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri. Wakikataa, Mahakama Kuu ipo Meru, ipo na Embu pia.