Je, Wajua? Kila Pishi na Chombo Chake

Je, wajua kwamba chuma cha vitumbua kikiwa kizito ndiyo kizuri? Uji wa mchele, nazi, hamira na iliki humiminwa ukiwa baridi. Kwenye bati jepesi joto huanguka papo hapo, kitumbua kikanata na kunywa mafuta. Chuma kinene kina joto la akiba. Tia mafuta kidogo kila shimo, mimina, kisha tazama kingo. Zikianza kupiga wekundu na juu pakatoboka vitundu, ingiza kijiti pembeni ukigeuze wakati katikati bado ni uji. Uji ule huteremka upande wa pili na kitumbua hutoka kimevimba pande zote. Ukingoja kikauke juu, utakula kitumbua bapa. Sijui pishi jingine linalompa mpishi furaha ya haraka namna hii, na watoto hawasubiri hata kipoe.

Je, wajua kwamba weusi unaong'aa wa kikaango cha chuma ni mafuta? Yakipata moto mkali hugeuka utando mgumu unaoshikana na chuma, na chapati haigandi tena. Nyanya, ndimu na ukwaju huutafuna utando huo, basi mchuzi wa ukwaju upeleke kwenye chungu. Udongo hauna ugomvi na ukali.

Je, wajua kwamba tone la maji linalokimbia huku na huku juu ya kikaango cha moto linabebwa na mvuke wake lenyewe? Daktari Mjerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, alilieleza jambo hilo mwaka 1756, akitumia kijiko cha chuma alichokipasha moto.

Je, wajua kwamba sufuria inaweza kuongeza damu? Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la Lancet ulilinganisha watoto waliopikiwa kwa vyungu vya chuma na waliopikiwa kwa alumini. Wa chuma walipungukiwa damu kidogo kuliko wenzao, kwa sababu madini ya chuma huingia chakulani.

Je, wajua kwa nini anayekuna nazi kwa mbuzi huacha kabla ya kufika kifuuni? Ganda la kahawia linalogusana na kifuu hulitia tui rangi. Machicha meupe yakikamuliwa kwenye kifumbu hutoa tui zito kwanza, kisha jepesi kwa maji ya pili. Tui jepesi huingia sufuriani mapema, lile zito mwishoni kwa moto mdogo, huku ukikoroga lisikatike. Mashine husaga haraka, lakini ule ulaini wa chicha la mbuzi mimi sijauona kwingine.

Je, wajua kwamba kitunguu saumu kizima hakina harufu kali? Harufu huzaliwa kinapopondwa kinuni, chembe zake zinapopasuka na vilivyotengana ndani yake kukutana.

Je, wajua kwamba mkate wa kumimina huiva kwa moto wa juu na chini bila oveni? Makaa machache jikoni, mengine juu ya mfuniko. Wali wa nazi nao hupaliwa vivyo hivyo.

Je, wajua kwamba jiko la mkaa lenye udongo ndani, lililosambaa Kenya kuanzia miaka ya 1980, lilipata wazo lake kwenye majiko ya Thailand?

Je, wajua kwamba maji ya Nairobi huchemka karibu na nyuzi 94, si 100? Mji uko juu, hewa ni nyepesi, na ndiyo maana maharage huchelewa kuiva kuliko Mombasa. Presha kuka hufunga mvuke hadi maji yafike karibu nyuzi 120. Mfaransa Denis Papin alibuni chombo cha aina hiyo mwaka 1679, akakitumia kulainisha mifupa.

Je, wajua kwamba wanawake wa Kikisi, kando ya Ziwa Nyasa upande wa Kyela, hufinyanga vyungu vinavyosafirishwa kwa mitumbwi hadi sokoni? Ukinunua chungu kipya, kiloweke, kisha chemsha uji mwepesi ndani yake kwa moto wa pole. Wanga hujaza vitundu vya udongo, na mchuzi wa kwanza hauvuji.