Mpangilio wa nyimbo jukwaani nao ni utungo

Wiki tatu zilizopita niliketi katika jopo la kutathmini mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili. Mmoja wao alitueleza kwamba angependa kuchunguza jinsi mashabiki wa bendi za rhumba jijini Nairobi wanavyojadili uteuzi wa nyimbo: kwa nini bendi ilianza na wimbo huu, kwa nini ule haukupigwa, nani aliudai, na nani alinuna ulipokosekana. Alikuwa na daftari lililojaa kauli alizozinakili usiku wa wikendi, meza baada ya meza. Mimi ndiye niliyeuliza swali lililomwangusha. "Fasihi iko wapi hapo?" Wenzangu wakacheka. Yeye akajibu kwa sauti ya chini, "Prof, nilidhani iko kwenye mpangilio." Hatukumpa nafasi ya kufafanua. Pendekezo likarudishwa.

Jibu hilo limeninyima usingizi tangu siku ile. Linaniuma zaidi kwa sababu somo alilotaka kutufundisha nililipata zaidi ya miaka thelathini iliyopita, tena bila kulipa karo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwanafunzi wa uzamifu katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Tulipanga nyumba moja watu wanne, na mwenzetu mmoja alikuwa mpenzi sugu wa bendi ya roki iitwayo Grateful Dead. Kila aliporejea kutoka tamashani nilimuuliza kwa adabu, "Muziki ulikuwaje?" Kamwe hakunijibu kwamba ulikuwa mzuri au mbaya. Alinitajia nyimbo: walifungua na huu, wakaingia huu, huu wakaukatia katikati, wakarudi kwa ule wa kwanza. Kisha alinitazama akingoja nishangae. Nami, msomi mzima, niliona amenisomea risiti ya dukani.

Ili kuelewa kwa nini orodha hiyo ilikuwa ndiyo jibu, ni lazima tuelewe desturi ya bendi yenyewe. Bendi nyingi za roki zinapokwenda ziarani hupanga nyimbo mara moja. Zinazopigwa Chicago leo ndizo zitakazopigwa Detroit keshokutwa, kwa utaratibu uleule, kwa sababu mafundi wa taa na sauti wanahitaji kujua kinachofuata. Grateful Dead, iliyoundwa California mwaka 1965, haikufuata njia hiyo. Katika miaka 30, hadi mpiga gita Jerry Garcia alipofariki Agosti 1995, ilifanya maonyesho zaidi ya 2,300, na kwa sehemu kubwa ya umri wake nyimbo ziliteuliwa papo hapo jukwaani. Mtu aliyehudhuria usiku tatu mfululizo katika ukumbi mmoja alitarajia kusikia nyimbo tofauti kila usiku.

Hata hivyo, hawakuwa wakipiga ovyo ovyo. Kulikuwa na kaida. Katika kipindi cha kwanza Garcia na mwenzake Bob Weir walipokezana kuongoza uimbaji, mmoja baada ya mwingine. Kipindi cha pili kilikuwa cha nyimbo ndefu zilizounganishwa bila kusita, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 katikati yake palikuwa na ngoma, kisha sauti zisizo na mdundo wala wimbo, kabla ya muziki kuanza kujikusanya tena. Baadhi ya nyimbo zilijulikana kuwa za kufungulia, nyingine za kufungia. Msomaji atang'amua kwamba hapa tuna kitu kinachofanana mno na sarufi. Penye kaida pana matarajio, na penye matarajio ndipo ukiukaji hupata maana. Wimbo wa kufungia ukipigwa mwanzoni, ukumbi mzima hushtuka jinsi unavyoshtuka wewe shairi lenye vina linapoacha kina chake makusudi.

Mashabiki waliinakili sarufi hiyo. Bendi iliwaruhusu kurekodi, na kuanzia Oktoba 1984 ikawatengea sehemu maalumu ya kusimamisha vinasa sauti vyao. Kanda hizo zilibadilishanwa, hazikuuzwa. Aliyejaribu kuziuza alitazamwa kama mwizi. Juu ya kila kanda ziliandikwa tarehe, mahali na nyimbo, na pale wimbo mmoja ulipoingia katika mwingine bila kukoma paliwekwa alama ya mshale. Nilishuhudia mabishano ya saa nzima jikoni kwetu kuhusu mshale mmoja. Je, wimbo wa kwanza uliyeyuka ukawa wa pili, au bendi ilinyamaza kidogo ndipo ikaanza? Anayesema tofauti hiyo ni ndogo hajawahi kuhariri diwani na kubishania mkato.

Mwaka 1987 lilichapishwa toleo la kwanza la kitabu kiitwacho DeadBase, kilichoorodhesha usiku kwa usiku nyimbo zilizojulikana kuwa zimepigwa. Tangu hapo shabiki yeyote aliweza kuhesabu wimbo fulani umekaa kimya kwa muda gani. Nisisitize neno kimya, maana mashabiki hawa walisoma kisichopigwa kwa makini sawa na kilichopigwa.

Chukua wimbo wa Dark Star. Katika albamu yao ya mwaka 1969 iliyorekodiwa jukwaani unachukua zaidi ya dakika 23, na ndio uliowapa sifa ya kubuni muziki papo hapo. Kadiri miaka ilivyosonga ukawa adimu, na baada ya Julai 1984 haukusikika tena. Kisha, tarehe 9 Oktoba 1989, bendi ilikuwa mjini Hampton, Virginia, katika tamasha lililotangazwa kwa kutumia jina lao la zamani, Warlocks, ili umati usifurike. Usiku huo wakaupiga. Simu ya nyumbani kwetu ililia usiku wa manane. Nilimkuta mwenzangu ameketi sakafuni, mkonga sikioni, machozi yanamtoka. Nikamuuliza amefiwa na nani. "Wamepiga Dark Star," akasema. Hakuwepo Hampton. Wimbo wenyewe alikuwa nao kwenye kanda zisizohesabika. Alichokililia ni kwamba umepigwa sasa, baada ya miaka mitano, mahali fulani katikati ya usiku fulani.

Siku zilizofuata walibishana sana: kwa nini sasa? Ikumbukwe kwamba mwaka 1987 wimbo wao Touch of Grey ulikuwa umepanda hadi nafasi ya 9 katika chati ya Billboard, na ukaleta mashabiki wapya kwa maelfu. Wakongwe waliwabandika wageni hao jina la dharau lililotokana na wimbo huo. Baadhi ya rafiki za mwenzangu walidai kwamba kufufuliwa kwa Dark Star kulikuwa zawadi kwa waliovumilia. Wengine walisema, la hasha, bendi inapiga inachotaka na hakuna mtu anayeidai. Wengine waliona wivu tu kwa kuwa hawakuwepo, nao walikuwa wakweli kuliko wote. Swali lililokuwa chini ya kelele hizo ni zito: wimbo ukishaimbwa mbele ya watu kwa miaka ishirini, ni wa nani? Mwenye kuuimba ana haki ya kuuzika? Msikilizaji ana haki ya kuudai?

Hebu tutazame pia Unbroken Chain. Ulitoka katika albamu ya mwaka 1974 na bendi haikuwahi kuupiga mbele ya hadhira mwaka huo, wala uliofuata, wala kwa miaka ishirini. Mpiga besi Phil Lesh, mwenye wimbo huo, aliuimba jukwaani kwa mara ya kwanza tarehe 19 Machi 1995, ukumbini Spectrum, Philadelphia. Kabla ya miezi mitano kwisha Garcia alikuwa amefariki. Wapo mashabiki waliorudi nyuma wakasoma nyimbo za mwaka huo mzima kama wasia, hasa kwa kuwa tamasha la mwisho, Chicago, tarehe 9 Julai, lilifungwa kwa wimbo Box of Rain, ambao Lesh na mtunzi Robert Hunter waliutunga wakati babake Lesh akiwa mgonjwa mahututi.

Hapa nina shaka nao. Hakuna aliyejua jukwaani kwamba lile lilikuwa tamasha la mwisho. Kusoma kifo ndani ya mpangilio ule ni kosa lilelile tunalowakanya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapodai kwamba mshairi alitabiri jambo lililotokea baada yake. Lakini tazama, hata kosa lao ni kosa la wasomaji. Mtu hafasiri kupita kiasi kitu asichokiona kuwa matini.

Na tofauti za fasiri hazikosi. Tamasha la Chuo Kikuu cha Cornell la tarehe 8 Mei 1977, lililorekodiwa na fundi sauti wa kike aitwaye Betty Cantor-Jackson, linahesabiwa na wengi kuwa bora kuliko yote, hasa kwa jinsi Scarlet Begonias unavyoingia katika Fire on the Mountain. Rekodi hiyo imo katika sajili ya rekodi za kitaifa ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Lakini waulize wakongwe. Wapo wanaoapa kwamba Buffalo, kesho yake, ilikuwa bora. Si huo ndio mjadala tunaouendesha kuhusu nakala za tenzi?

Tukija kwa nadharia, hakuna jipya kabisa katika haya. Albert Lord, akiendeleza kazi ya mwalimu wake Milman Parry miongoni mwa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1960 kwamba fanani hatoi nakala ya utungo uliohifadhiwa kichwani. Hutunga anapotenda, na kila utendaji ni asili. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitilia mkazo utendaji, hadhira na muktadha. Wanafunzi wetu wa shule za upili wanayakariri maneno haya: fanani, hadhira, muktadha. Halafu akija mmoja ambaye ameyaelewa kikweli, akaenda baa na daftari kuitafuta hadhira ilipo, profesa anamuuliza fasihi iko wapi.

Wenzetu wamethubutu zaidi. Mwaka 1989, mwanasosholojia Rebecca Adams wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Greensboro aliwapeleka wanafunzi wake ziarani nyuma ya bendi hii ili wawachunguze mashabiki. Leo hifadhi ya nyaraka za bendi imo katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz.

Limebaki suala la istilahi, na hili ndilo lililonirudisha kwa mwanafunzi wangu. Kiingereza kina neno setlist. Sisi husema orodha ya nyimbo. Neno orodha halitoshi. Orodha ya wanafunzi au ya bidhaa ukiivuruga bado ni orodha ileile. Mfuatano ni afadhali, ingawa hata magari yana mfuatano barabarani. Mpangilio, neno alilolitumia yeye, linakaribia, kwa kuwa linadokeza mpangaji. Ila kipo kitenzi ambacho tumekuwa nacho muda wote. Mvuvi hutunga samaki katika ukambaa. Msichana hutunga shanga katika uzi. Mshairi hutunga shairi. Vitu vinavyotungwa vilikuwepo kabla: samaki ni walewale, shanga ni zilezile, maneno ni ya kila mtu. Kazi ya mtungaji ni kuchagua, kutanguliza, kufuatisha, na kuacha nje. Basi nyimbo zilizoteuliwa na kuunganishwa usiku mmoja ni mtungo wa nyimbo. Najua kwamba mitaani, hasa upande wa Tanzania, neno mtungo limetiwa doa; hiyo si sababu ya sisi kulitupa. Ile mishale ya kwenye kanda nayo ningeiita nyuzi.

Mwenzangu aliponiaga mwaka niliorejea nyumbani alinipa kanda moja. Sina tena kinasa cha kuichezea, lakini maandishi ya juu yanasomeka: mji, tarehe, nyimbo kumi na tisa, mishale sita. Juzi nilimpigia simu yule mwanafunzi. Alidhani nina habari mbaya, akawa ananijibu "Ndio Prof" kwa kila nisemalo. Nimemwomba radhi. Jopo litaketi tena mwezi ujao, na safari hii nimemwambia aje na daftari lake, alifungue ukurasa wa kwanza, asome mtungo wa usiku mmoja na kauli za meza zote hadi mwisho. Kanda nitakuja nayo mimi.